Kufundisha watoto Kiingereza ng'ambo: wanayoambiwa walimu wetu, na ukweli ulivyo

Matangazo ya kazi Uchina na Thailand yanazunguka kila wiki kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu wa Kisumu na Nakuru. Wanaoyakimbilia ni vijana wenye namba ya TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu wa Kenya, ambao bado hawajaajiriwa, na wengine familia zao ziko tayari kuuza ng'ombe ili wakala alipwe. Hao ndio ninaowaandikia.

Dhana: Kiingereza ni lugha rasmi Kenya, basi tunakubalika popote.

Ni kweli Katiba ya 2010 inakitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kiswahili, lakini kila nchi ina masharti yake. Korea Kusini, kwa kawaida, hutoa viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza kwa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Mkenya hayumo, hata awe na digrii safi ya Maseno. Uliza sheria ya nchi husika kwanza, mshahara baadaye.

Dhana: Ingia na viza ya utalii, mengine yatajipanga.

Hayajipangi. Uchina, viza ya kazi ni ya aina ya Z, na ukipatikana ukifundisha bila kibali unaweza kutozwa faini, kuzuiliwa na kurudishwa nyumbani. Tena tangu Julai 2021 serikali ya huko imevibana sana vituo vya masomo ya ziada, na vingi vimefungwa. Wakala anayekuahidi kazi kwenye kituo kama hicho mtilie shaka.

Dhana: Watoto wadogo ni nyimbo na michezo tu, hakuna kazi.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Mtoto wa miaka 4 hakai kwenye jambo moja kwa muda mrefu, na wewe huna lugha yake ya kumtuliza akilia au akitaka choo. Wengine hunyamaza wiki nyingi, na mwalimu mgeni hudhani hawaelewi. Kumbe wanasikiliza. Mwambie "simama" kwa Kiingereza huku wewe mwenyewe ukisimama, kisha "keti", kisha "gusa pua". Atafuata mwili wako kabla hajafungua mdomo. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, alijenga mbinu nzima juu ya jambo hilo.

Na hapa mwalimu wa kwetu ana hazina asiyoithamini. Watoto wengi wa Nyalenda na Kondele, mitaa ya Kisumu, huanza kwa Dholuo nyumbani. Mwalimu wao amezoea kusikia "sati" badala ya "shati", na anajua kulirudia neno vizuri bila kumwaibisha mtoto. Akimkuta mtoto wa Thailand anayemeza "s" ya mwisho wa neno, hatashangaa wala hatamgombeza. Siku mtoto aliyekuwa kimya anapokuvuta shati na kukuambia kwa Kiingereza kwamba mwenzake amechukua penseli yake, utaona jasho lako halikupotea.

Dhana: Lafudhi ya Kenya ni kasoro.

Si kasoro, ingawa baadhi ya shule huchagua walimu kwa rangi ya ngozi. Inauma, na ni vizuri ulijue hilo ukiwa bado hapa.

Dhana: Wakala atakufanyia kila kitu.

Hakikisha ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kifuatilie mwenyewe. Alama za vidole huchukuliwa Huduma Centre. Mkataba nao usiutie sahihi kabla hujaona ni nani anayelipa nyumba, bima na tiketi ya kurudi.