Je, wajua pete ya Claddagh hurithiwa na binti yupi?

Ni pete yenye mikono miwili iliyoshika moyo, na moyo umevaa taji. Mikono ni urafiki, moyo ni mapenzi, taji ni uaminifu. Maelezo yanayozunguka ni kwamba ni mila ya kale ya Waselti, watu wa kale wa Ulaya magharibi, na kwamba kila mama wa Kiayalandi huwapa binti zake wote. Wengi wetu tuliyameza hivyo hivyo, na karibu kila neno lina kasoro.

Tuanze na hilo la ukale. Pete za zamani zaidi za umbo hili zinazojulikana ni za kama mwaka 1700, na zina alama za masonara wa Galway, mji wa magharibi mwa Ayalandi. Mmoja wao ni Richard Joyce. Husimuliwa kwamba alitekwa na maharamia, akauzwa Aljeria kwa sonara aliyemfunza kazi, kisha akarudi kwao na ufundi huo. Alama yake kwenye dhahabu ipo. Habari za kutekwa kwake ni masimulizi, tena matamu mno kuaminiwa bila kuulizwa. Mikono iliyoshikana nayo ilikuwa kwenye pete za Warumi karne nyingi kabla yake. Jina la Claddagh lilishika baadaye, katika karne ya 19, kutoka kijiji cha wavuvi kilichokuwa nje ya kuta za Galway.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Miaka ya 1840, wasafiri Samuel na Anna Hall waliandika kuhusu wavuvi wa Claddagh kwamba pete ya ndoa ilikuwa mali ya ukoo: mama aliikabidhi kwa binti wa kwanza kuolewa, na huyo akaja kuikabidhi kwa binti yake. Angalia hapo: ni wa kwanza kuolewa, si lazima wa kwanza kuzaliwa. Pete yenyewe haikuwa zawadi ya kumpongeza msichana kwa kukua, ilikuwa pete ya ndoa inayohama mkono. Mama wa leo anayenunua mpya kwa kila binti, desturi inayopendwa na vizazi vya wahamiaji huko Marekani, hafanyi kosa lolote. Anafanya jambo jipya kwa umbo la zamani.

Sasa lile linalowachanganya watu kuliko yote: namna ya kuivaa. Mkono wa kulia, ncha ya moyo ikielekea kucha: sijafungwa na mtu. Mkono huohuo, ncha ikielekea kifundo cha mkono: nina mpenzi. Mkono wa kushoto, ncha kwenye kucha: nimechumbiwa. Kushoto, ncha kwenye kifundo: nimeolewa. Ukikwama, tazama taji, kwa kuwa liko kinyume cha ncha. Taji likiwa upande wa kucha, mwenyewe ana mtu.

Je, pete ikizunguka kidoleni, ujumbe hubadilika? Hapana. Fikiria gurudumu la baiskeli. Linazunguka kutwa nzima, lakini upande wake ulioelekea mnyororo haugeuki kuelekea upande wa pili mpaka ulifungue, uligeuze na kulifunga upya. Pete ni hivyo: moyo unaweza kuteleza hadi upande wa kiganja, lakini ncha hubaki inaelekea kulekule. Ajali hutokea inapovuliwa wakati wa kukanda unga, kisha ikarudishwa kinyume. Hapo mke wa mtu anatangaza uchumba bila kujua. Hata hivyo kanuni hii ni ya mapokeo, na wapo Waayalandi wanaoisoma kwa namna nyingine, kwa hiyo usimpose mtu kwa kutazama kidole tu.

Pete ya kurithi ina matatizo yake. Kwanza, dhahabu hulika, hasa nyuma ya pete, upande wa kiganja, hadi kitanzi kinabaki chembamba kama waya. Kupanua pete ya namna hiyo kwa kuinyoosha ni kuialika ipasuke. Sonara mzuri hukata nusu ya chini, akalehemu kipande kipya cha karati zilezile, yaani chenye kiasi kilekile cha dhahabu safi katika kila sehemu elfu: 375 ikiwa ni karati 9, 585 kwa karati 14, 750 kwa karati 18. Akichanganya, rangi ya kiungo itamsuta. Moyo ukiwa na zumaridi, jiwe litolewe kabla ya moto, maana joto hulipasua. Na kabla ya msumeno kugusa chochote, pete itazamwe ndani kwa lenzi, kwani baadhi ya pete za zamani zimechongwa herufi za majina ya wanandoa, na fundi mwenye haraka anaweza kuzikata pamoja na kitanzi kilicholika.