Kabla ya kununua programu ya wateja, uliza inajuaje nani amelipa

Mwezi uliopita nilikaa jioni nzima na fundi wa sare za shule kule soko la Gikomba, Nairobi. Mezani palikuwa na daftari la oda, kikokotoo na simu iliyojaa jumbe za M-Pesa. Shilingi 4,500 zilikuwa zimeingia na mwenyewe hajulikani. Tulikuja kugundua kwamba mama aliyeagiza alilipa kwa simu ya mumewe.

Kazi yangu ni kuwawekea wafanyabiashara wadogo programu za hesabu, na mkanganyiko huu ndio ninaoukuta kila mara. Muuzaji wa programu ya wateja, yaani ya kutunza oda, malipo na madeni yao, atakuonyesha chati za kupendeza. Mwulize kwanza programu inaunganishaje kila malipo na mteja husika.

Mengi yanategemea namba unayopokelea pesa. Kwa Till, namba ya M-Pesa ya kulipia dukani, mteja haulizwi kitu kingine ila kiasi na PIN. Paybill, namba ya M-Pesa ya kulipia bili, humtaka aandike pia namba ya akaunti, na hapo unaweza kumpa namba ya oda yake. Hata shemeji akimlipia, pesa inaangukia mahali pake. Njia nyingine ni programu kumtumia ombi la malipo kwenye simu, yeye aweke PIN tu. Ili hayo yaende yenyewe, programu lazima iunganishwe na Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Isipounganishwa, utakuwa ukinakili jumbe kila usiku, na makosa ya daftari yatakufuata.

Ijaribu kwa oda ya kweli. Chukua ya 12,000: lipa 5,000 leo, 4,000 kesho kwa simu nyingine, kisha ondoa sweta moja ya 1,000. Salio lisiposoma 2,000, usiinunue.

Iweze pia kutoa ankara za eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Tangu Januari 2024, mwenye duka anayenunua kwako anaihitaji ili KRA ikubali gharama hiyo kwenye hesabu zake za kodi. Na hakikisha unaweza kuhamisha majina, namba na madeni kwenye faili la Excel siku utakapoondoka. Namba za wazazi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo kila mfanyakazi awe na nywila yake.

Yule fundi hajanunua programu bado. Tumeanza na Paybill, na sasa huandika namba ya oda kwa kalamu nene kwenye kila risiti. Wateja wakiizoea, muhula ujao tutachagua.