Mkataba wa Johannesburg si wa Nairobi: dhana potofu kuhusu sheria za biashara za Afrika Kusini

Ukiingia mahakamani Johannesburg au Pretoria huoni cha kukushtua. Mashauri yanaendeshwa kwa Kiingereza, mawakili wamevaa majoho na wanarushiana kesi za zamani, na sheria ya makampuni inataja hisa na wakurugenzi kama ya kwetu. Hapo ndipo wengi wetu wa Afrika Mashariki tunapoteleza, awe mwanafunzi anayeanza somo la sheria za biashara au mfanyabiashara aliyekodi fremu ya duka Durban. Tunausoma mkataba wa Afrika Kusini kwa miwani ya Nairobi na Dar es Salaam. Maneno yanafanana, kanuni zilizo chini yake ni nyingine.

“Walitawaliwa na Mwingereza, kwa hiyo sheria zao ni za Kiingereza”

Mwingereza alipofika Cape alikuta sheria tayari ipo. Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki ilimtuma Jan van Riebeeck kuanzisha kituo cha meli mwaka 1652, na sheria ya jimbo la Holland ikaja naye: mila za Waholanzi zilizochanganywa na sheria ya Roma ya kale, kama zilivyofafanuliwa na wanazuoni kama Hugo Grotius na, baadaye, Johannes Voet. Waingereza waliiteka Cape mwaka 1795, wakairudia 1806 na safari hiyo wakakaa, lakini sheria hiyo waliiacha iendelee. Kioja ni kwamba Holland yenyewe iliitupa mwaka 1809, zama za Napoleon. Sheria iliyozikwa kwao ikaendelea kuishi ugenini, na hadi leo wakili wa Bloemfontein anaweza kumnukuu Voet, aliyeandika kwa Kilatini, katika shauri la gari bovu.

Alama ya Mwingereza ipo, tena kubwa: mwenendo wa mashauri, kanuni za ushahidi, sheria ya makampuni na uzito wa hukumu zilizotangulia. Pembeni yake zipo sheria za mila, ambazo ibara ya 211 ya Katiba ya 1996 inaziagiza mahakama kuzitumia pale zinapohusika. Juu ya yote imekaa Katiba yenyewe, na sheria yoyote inayopingana nayo ni batili. Wapo pia wanaokosea upande wa pili, wakidhani kwamba asili ya Kiholanzi maana yake ni kuwa na kitabu kimoja cha sheria za madai kama Ufaransa. Kitabu hicho hakipo. Kanuni nyingi za mikataba utazipata ndani ya hukumu, si ndani ya sheria ya bunge.

Na kwa waliolelewa na sinema za Marekani: hakuna wananchi kumi na wawili wanaojifungia chumbani kuamua nani ana hatia. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1969. Ndiyo maana kesi ya mwanariadha Oscar Pistorius mwaka 2014 iliamuliwa na Jaji Thokozile Masipa akiwa na watu wawili tu wa kumsaidia, wale ambao Tanzania tungewaita wazee wa baraza.

“Rufaa ya mwisho ni Bloemfontein”

Kwa mambo ya biashara ilikuwa hivyo: neno la mwisho lilikuwa la Mahakama ya Juu ya Rufani, iliyoko mji huo. Tangu 2013, Mahakama ya Katiba iliyoko Johannesburg inaweza kupokea hata shauri lisilogusa Katiba, mradi lina hoja ya kisheria yenye uzito kwa umma. Jengo lake limesimama kwenye eneo la gereza la zamani walimowahi kufungwa Gandhi na Mandela, na sehemu ya kuta zake imejengwa kwa matofali ya gereza hilo.

“Bila karatasi na bila kutoa chochote, hakuna mkataba”

Kwetu, kwa urithi wa sheria za Kiingereza, ahadi tupu haimbani mtu: lazima kila upande uwe umetoa au umeahidi kitu cha thamani. Afrika Kusini majaji waligombana kuhusu hilo kwa miaka. Wa Cape, wakiongozwa na jaji mkuu wao Lord de Villiers, walilishikilia sharti la Kiingereza. Wa Transvaal, upande wa kaskazini, wakalikataa. Mwaka 1919, katika kesi ya Conradie na Rossouw, Mahakama ya Rufani ilimaliza ubishi: watu wakikubaliana kwa dhati, juu ya jambo halali na linalowezekana, inatosha.

Matokeo yake yanaonekana sokoni. Mtu mnayepatana naye mashine kwa R40,000 (R ni randi) akakubali kwamba bei hiyo ataishikilia na hatamuuzia mwingine hadi Ijumaa, nawe ukakubali, amefungwa. Huhitaji kumwachia kishika uchumba. Akimuuzia mwingine Jumatano, amevunja makubaliano.

Maandishi nayo hayalazimiki kwa mikataba mingi. Mapatano ya mdomo ni mkataba kamili, ingawa kuyathibitisha ni shughuli nyingine. Vighairi ndivyo vya kukariri: mauzo ya ardhi na nyumba, kwa sheria ya 1981, lazima yaandikwe na kusainiwa, na udhamini wa deni la mtu mwingine vilevile, kwa sheria ya 1956. Tena saini ya mauzo ya ardhi haiwezi kuwa ya kielektroniki.

Kwingineko saini imelegea kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2014 mahakama ya Bloemfontein iliamua kesi ya Spring Forest na Wilberry, iliyotokana na mashine za kuoshea magari zilizokuwa zimekodishwa. Mkataba ulisema hauwezi kusitishwa ila kwa maandishi yaliyosainiwa na pande zote. Wahusika wakasitisha kwa barua pepe, kila mmoja akimalizia kwa jina lake chini. Baadaye mmoja akaruka: hizo si saini. Majaji wakasema ni saini. Kwa hiyo lile jina unaloliandika chini ya barua pepe bila kufikiri lina nguvu ya kuua mkataba.

“Kimeandikwa *voetstoots*, basi imekula kwako”

Neno hilo la Kiafrikaans utalikuta katika mikataba ya nyumba na magari ya mkononi: unanunua kitu kama kilivyo, na kasoro zake. Wauzaji hulitumia kama ngao ya kila kitu, na wanunuzi wengi hulisoma wakakata tamaa. Wote wanakosea.

Anza na mauzo ya mtu na mtu. Jirani yako anakuuzia pikapu yake, tuseme, na si kazi yake kuuza magari. Hapo ngao inafanya kazi: giaboksi ikifa wiki ya pili, hasara ni yako. Lakini haimkingi muuzaji aliyeijua kasoro akaificha kwa makusudi ili akutapeli. Kama alimwaga oili nzito kuzima mlio wa giaboksi siku ya kukuonyesha gari, neno *voetstoots* halimsaidii. Mzigo wa kuthibitisha ni wako, na hapo ndipo wengi hukwama: inabidi uonyeshe kwamba alijua. Risiti ya fundi aliyeligusa gari mwezi uliotangulia ina thamani kuliko hasira zako zote.

Ukinunua kwa mwenye yadi ya magari mambo yanabadilika. Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2008, iliyoanza kutumika kikamilifu 2011, inakupa miezi 6: bidhaa ikiwa na kasoro unairudisha, na wewe ndiye unayechagua kati ya kutengenezewa, kubadilishiwa na kurudishiwa pesa. Neno moja la jumla kwenye risiti haliondoi haki hiyo. Muuzaji atakuwa salama kwa kasoro fulani tu kama alikueleza waziwazi hali ya bidhaa nawe ukaikubali waziwazi. Angalia mpaka wake, maana wafanyabiashara husahau: kampuni yenye mali au mauzo ya mwaka yanayofikia R2,000,000 haihesabiwi kuwa mlaji wa kulindwa na sheria hii.

Sheria hiyohiyo huvutwa kupita kiasi. Shati halina kasoro, ulilichagua mwenyewe dukani, rangi imekuchosha: hakuna sheria inayomlazimisha mwenye duka kukurudishia pesa. Akikubali ni ukarimu wake. Haki ya kughairi bila sababu ipo pale muuzaji alipokufuata yeye kwa matangazo ya moja kwa moja, siku 5 za kazi, na kwa manunuzi mengi ya mtandaoni, siku 7.

“Masharti yakinionea, mahakama itayafuta”

Dhana hii ina mvuto wake. Katiba inataja utu na usawa, na majaji wamelitaja neno ubuntu tangu kesi ya Makwanyane ya 1995 iliyofuta adhabu ya kifo. Mwanafunzi huhitimisha kwamba mkataba katili hauwezi kusimama. Muulize aliyesoma kesi ya Beadica ya 2020.

Wafanyabiashara wadogo wanne, wakiwa na mkopo wa mfuko wa serikali wa kuwainua watu weusi kiuchumi, walikodi majengo kwa miaka 5 wakiwa na haki ya kuongeza mingine 5. Sharti lilikuwa moja: watoe taarifa walau miezi 6 kabla ya muda kwisha. Walichelewa. Mwenye majengo akawataka watoke, na kutoka kulimaanisha kupoteza biashara nzima, maana mikataba yao ya kutumia jina la biashara ilitegemea majengo hayo. Mahakama Kuu iliwahurumia, ya Bloemfontein ikakataa, na Mahakama ya Katiba, kwa walio wengi, ikawaangusha pia. Ilisema haki, usawa na ubuntu vina sauti katika kupima kama sharti linapingana na maslahi ya umma, ila jaji hawezi kuacha kutekeleza mkataba kwa sababu tu yeye anaona si wa haki. Wapangaji hawakuwa na maelezo ya maana kwa nini walichelewa.

Mimi hukumu hiyo inaniwasha, lakini naielewa: anayepangisha naye anahitaji kujua kwamba tarehe ni tarehe. Ukikodi fremu kule, siku ya mwisho ya kuomba nyongeza iandike ukutani.

“Kampuni ni mimi, mimi ni kampuni”

Kesi ya kuisoma hapa ni ya Dadoo dhidi ya Manispaa ya Krugersdorp, 1920. Sheria ya kibaguzi ya Transvaal ya 1885 ilimkataza Mhindi kumiliki ardhi. Mfanyabiashara Dadoo akaunda kampuni yenye hisa 150, akashika 149, Mhindi mwenzake akashika 1, na kampuni ikanunua viwanja. Manispaa ilikwenda mahakamani kubatilisha. Ilishindwa: majaji walio wengi walisema kampuni ni mtu wake, mbali na wenye hisa, na sheria haikuitaja kampuni.

Ukuta huo bado upo chini ya Sheria ya Makampuni ya 2008, ingawa mahakama inaweza kuubomoa pale kampuni inapotumiwa kwa hila, na mkurugenzi anayeendesha biashara kizembe hulipa kwa mfuko wake. Kwa duka dogo, hata hivyo, ukuta huvunjwa na mwenye kampuni mwenyewe siku ya kwanza. Benki na mwenye nyumba humwekea karatasi ya udhamini, naye anaisaini akidhani ni ukurasa mwingine wa mkataba wa kampuni. Kuanzia hapo gari na nyumba yake vinasimama nyuma ya deni. “Sikusoma” ni utetezi dhaifu sana: anayesaini huhesabiwa kuwa amekubali, isipokuwa kama alipotoshwa.

“Deni halifi”

Madeni mengi hufa kwa miaka 3, chini ya sheria ya 1969. Miongoni mwa yanayoishi miaka 30 ni yale yaliyotolewa hukumu na yale ya rehani ya nyumba. Lakini ukikiri deni kabla ya muda kwisha, hata kwa kulipa kidogo au kuandika WhatsApp “nitamalizia mwisho wa mwezi”, saa inaanza upya. Jaji naye hatakukumbusha. Ni juu yako kusema kwamba deni limekufa. Kwa mikopo ya wateja, tangu 2015 ni marufuku kwa mkopeshaji kuuza au kudai deni lililokufa.

“Mgeni hana haki ya biashara”

Polisi wa mkoa wa Limpopo walifunga maduka ya Wasomali na wakimbizi wengine, na mwaka 2014 mahakama ya Bloemfontein ikaamua kwamba mkimbizi au anayeomba hifadhi hawezi kunyimwa leseni ya biashara kwa sababu tu ya hadhi hiyo. Mtaani hukumu hiyo haijulikani kama inavyostahili.

Na kwa aliyedhulumiwa kiasi kidogo, Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi R20,000, bila wakili kwa upande wowote. Kampuni haiwezi kufungua shauri humo, ila inaweza kushtakiwa. Kwanza unamwandikia mdaiwa barua ya madai na kumpa siku 14. Zikipita kimya, unaibeba barua hiyo pamoja na risiti zako hadi kwa karani.