Je, wajua kwa nini laptopu moja ukishusha vidole ukurasa unashuka, na nyingine unapanda?

Pita steshenari za Moshi mjini kipindi watu wanajaza fomu za mkopo wa chuo, hukosi kumuona mtu kapewa laptopu aangalie fomu yake kabla haijaprintiwa, anaweka vidole viwili kwenye tachipadi (kile kibao cha kugusa chini ya kibodi) anaskroli, ukurasa unakimbilia kule asikotaka, anarudia tena vilevile, mwisho anamwambia muhudumu "dada mashine yako mbovu hii". Wala sio mbovu, setingi tu.

Iko hivi. Mausi za kigurudumu zilivyoanza kuzoeleka miaka ya 90 (Microsoft walitoa IntelliMouse 1996), kigurudumu kilikuwa kinaendesha ule mstari wa pembeni ya skrini. Ukikizungusha kuja kwako mstari unashuka, na mstari ukishuka maandishi yanapanda. Tachipadi zilipoanza kuskroli zikarithi hivyohivyo, na hakuna aliyehoji maana wote tulishazoea.

Sasa 2007 ikaingia iPhone. Kwenye simu ya kugusa huhangaiki na mstari, unashika ukurasa wenyewe, kidole kikipanda na maandishi yanapanda nacho, kama fundi cherehani anavyovuta kitenge, sindano iko palepale kitambaa ndio kinatembea. Julai 2011 Apple wakatoa Mac OS X Lion, mfumo wa kompyuta zao za Mac, wakageuza tachipadi zifuate simu, mtindo wakauita "natural". Watu walilalamika hao! Ila kwa mtoto aliyeanzia kwenye simu ya mama yake ule wa zamani ndio unaonekana wa ajabu, na mimi naona ana haki.

Kubadilisha ni dakika moja. Windows 11 fungua Settings, nenda Bluetooth & devices, kisha Touchpad, kisha Scroll & zoom, utakuta sehemu ya Scrolling direction. Hapo maneno yake yanachanganya kweli: "Down motion scrolls up" ndio ya kama simu, "Down motion scrolls down" ndio ya kama mausi ya zamani. Ukishindwa kuelewa chagua moja, jaribu kwenye faili refu, ukiona sio rudi chagua nyingine. Ubuntu (mfumo wa bure ambao wengine wanaweka badala ya Windows) na Mac nako kuna Natural scrolling, unawasha au unazima, ila kwenye Mac angalia, ukigeuza ya tachipadi na mausi inageuka maana setingi ni moja.

Kama laptopu yako ni ya mtumba ya zamani kidogo unaweza ukafungua hapo kwenye Touchpad usikute chochote cha maana. Hizo nyingi zinatumia draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya kampuni iliyotengeneza tachipadi, Synaptics au ELAN, kwa hiyo ingia Control Panel, Mouse, angalia kichupo (tab) cha mwisho kule juu ya dirisha. Nyingine hata vidole viwili hazijui, unaskroli kwa kidole kimoja ukikipitisha ukingo wa kulia.

Halafu kuna tatizo ambalo watu wanailaumu setingi bure: ukurasa unaruka wenyewe, mshale unatetemeka. Tachipadi inasoma mabadiliko madogo sana ya umeme yanayoletwa na kidole, ndio maana ukiwa na mkono wenye maji inachanganyikiwa. Chaja mbovu nayo inaleta kelele kwenye huo umeme (sio sauti, ni umeme kuyumbayumba), na huku kwetu plagi ya pini mbili inaingizwa kwenye soketi ya matundu matatu kwa kuchokonoa tundu la juu na peni, wakati lile tundu ndio la athi, njia ya kupeleka ardhini umeme wa ziada, kwa hiyo chaja inabaki bila athi na kelele haina pa kwenda (na hiyo peni acheni jamani, itakuja kuua mtu). Chomoa chaja, skroli ukitumia betri peke yake. Ikitulia, usimpelekee fundi laptopu, kanunue chaja.