Je, wajua nguzo ya umeme wa upepo ikisimikwa baharini, chini yake hutokea nini?

Simama Coco Beach ukingoni mwa maji, uache mawimbi yapite miguuni. Muda si mrefu visigino vinaanza kuzama. Maji yakigonga mguu huuzunguka, huchota mchanga na kukuachia kishimo.

Sasa badala ya mguu weka bomba la chuma lenye upana wa mita 6, lililogongwa kwa nyundo kubwa hadi likazama makumi ya mita ndani ya sakafu ya bahari. Hivyo ndivyo mitambo mingi ya upepo ilivyosimama katika Bahari ya Kaskazini, kati ya Uingereza, Denmark, Uholanzi na Ujerumani. Mkondo ukiachiwa, shimo la kuzunguka bomba kama hilo laweza kufika kina cha mita 7 au 8. Ili nguzo isiyumbe, humwagwa mawe kuizunguka.

Mawe hayo na chuma hicho ndivyo vinavyogeuza mambo. Sehemu kubwa ya sakafu ile ni mchanga mtupu, makazi ya minyoo, chaza wanaojifukia na samaki bapa. Kiumbe anayeishi kwa kung'ang'ania kitu kigumu hakuwa na pa kushika. Aliyewahi kusubiri pantoni la Kigamboni maji yakiwa yamekupwa anajua kinachofuata, maana nguzo ikikaa majini haibaki uchi. Kule kaskazini, karibu na uso wa maji hujazana kome. Chini yao hushika viumbe laini vyenye mikono kama maua, na kwenye mawe hujificha kaa.

Kome hula kwa kuchuja maji. Kinachowatoka, yaani kinyesi na mabaki ya chakula, hushuka chini kama vumbi, pamoja na magamba ya waliokufa. Ndiyo maana mchanga ulio jirani na nguzo hubadilika polepole: unakuwa na matope zaidi na chakula zaidi, na wadudu na minyoo ya aina nyingine huhamia. Wakija wao, samaki nao hufuata. Wavuvi wa Kunduchi hawahitaji kuelezwa hili. Meli iliyozama huwa na samaki. Ila kuna ubishi wa haki hapo: samaki wameongezeka, au wamekusanyika tu kutoka kwingine? Kwa maoni yangu, anayesema "nguzo zimeleta uhai" anasahau kuwa mchanga nao ulikuwa na wenyewe. Na kitu kigumu katikati ya mchanga ni kituo cha kupumzikia hata kwa wageni waharibifu, wanaoruka kutoka nguzo hadi nguzo.

Ubaya ulio wazi zaidi huja wakati wa ujenzi. Mlio wa nyundo husafiri mbali sana majini, na jamaa wadogo wa pomboo hukimbia kilomita nyingi. Ujerumani imeweka kikomo cha kelele, kwa hiyo wajenzi huzungusha pazia la mapovu ya hewa linalozima sehemu ya mlio. Nyaya za umeme huzikwa chini ya mchanga, lakini usumaku wake hauzikiki wote; papa na taa (samaki, si ya kuwasha) wana hisi ya umeme, na suala lao bado linachunguzwa.

Kuna jambo ambalo huenda likawa na uzito kuliko nguzo zenyewe, nalo ni zile meli za kukokota nyavu. Ubelgiji na Ujerumani haziruhusu kukokota ndani ya mashamba ya upepo. Wavu mzito unaopita kila mara huparura sakafu na kuvunja kila kilichoota. Ukizuiwa, mchanga wa katikati ya nguzo hupata nafuu bila mtu kuweka chochote.

Tanzania haina hata mtambo mmoja wa aina hii baharini, ingawa kusi na kaskazi havijawahi kutunyima upepo. Denmark ndiyo iliyotangulia, huko Vindeby, kwa mitambo 11 mwaka 1991. Mwaka 2017 iling'olewa, umri wake ukiwa umekwisha. Misingi yake ya zege ilivunjwa palepale majini na kuondolewa, na kila kilichokuwa kimeota juu yake kwa zaidi ya miaka 25 kikaondoka nayo.