Mteja yuko Australia, kodi inalipwa wapi?

Wengi wanaofanya kazi za mtandaoni kutoka Nairobi au Dar es Salaam wanaamini kwamba malipo ya mteja wa Australia yameshakatwa kodi huko, kwa hiyo nyumbani hawadaiwi kitu. Ni dhana inayoeleweka, kwani pesa zinatoka huko.

Lakini kwa kawaida kinachoangaliwa ni mahali kazi inapofanyika. Mgeni asiye mkaazi wa Australia, anayeandika au kutafsiri akiwa kwao, kwa kawaida hadaiwi kodi ya mapato Australia kwa kazi hiyo. Mrabaha, yaani malipo ya kutumia haki ya kazi kama kitabu au wimbo, una kanuni zake, na akisafiri kufanyia kazi kule, hali hubadilika. Kwao ndiko anakodaiwa: Kenya na Tanzania hutoza mkaazi wake hata kama mteja yuko ng'ambo.

Linganisha ankara yako na kiasi kilichoingia benki. Pengo likiwepo, huenda ni ada ya kutuma tu. Mwombe mteja maelezo kwa maandishi. Kisha soma tovuti rasmi za mamlaka za kodi za nchi zote mbili, na uulize ofisi ya kodi iliyo karibu kabla ya kujaza ritani.