Majilio Yana Sehemu Mbili, na Ratiba ya Parokia Izifuate

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiziandaa kamati za liturujia, wasomaji na wanakwaya wa parokia kwa vipindi vikuu vya mwaka wa Kanisa, na hakuna kipindi kinachoniletea maswali mengi ya ratiba kama Majilio, yaani wiki za kujiandaa kwa Noeli. Paroko anatafuta siku za maungamo, kwaya inataka muda wa mazoezi ya nyimbo za Noeli, wanaohudumia maskini wanaomba Dominika ya kukusanya michango, walimu wa katekesi wanataka siku ya igizo la watoto, na wote wanagombea Jumamosi na Dominika zilezile chache. Ushauri wangu kwao wote ni mmoja: kabla ya kugawana tarehe, fungueni Misale, yaani kitabu cha sala za Misa, na Kitabu cha Masomo, kwa sababu liturujia yenyewe imekwisha kukigawa kipindi hiki sehemu mbili, na parokia inayozifuata sehemu hizo huona kazi zake zikipata mahali pake bila mabishano mengi.

Kanuni za Jumla za Mwaka wa Liturujia na Kalenda, zilizotolewa mwaka 1969, zinaeleza kwamba Majilio huanza kwa Masifu ya Jioni ya kwanza, yaani sala rasmi ya Kanisa ya jioni ya kuamkia siku yenyewe, ya Dominika inayoangukia tarehe 30 Novemba au iliyo karibu zaidi na tarehe hiyo, na kwamba humalizika kabla ya Masifu ya Jioni ya kwanza ya Noeli. Kwa hiyo Dominika ya kwanza haiwezi kuwa kabla ya 27 Novemba wala baada ya 3 Desemba, na urefu wa kipindi hubadilika kati ya siku 22 na siku 28. Mwaka 2022, Noeli ilipoangukia Dominika, parokia zilipata wiki nne kamili. Mwaka uliofuata, ilipoangukia Jumatatu, wiki ya nne ilikuwa ni siku moja tu. Kamati inayonakili ratiba ya mwaka uliopita bila kutazama kalenda inaweza kugundua katikati ya Desemba kwamba imepungukiwa karibu wiki nzima.

Kanuni hizohizo zinasema kwamba Majilio yana sura mbili. Ni maandalizi ya sherehe ya Noeli, ambamo Kanisa linakumbuka jinsi Mwana wa Mungu alivyokuja kwetu mara ya kwanza, na papo hapo ni kipindi ambacho kumbukumbu hiyo inazielekeza akili za waamini kumngojea atakapokuja mara ya pili mwisho wa nyakati. Waamini wengi huishika sura ya kwanza peke yake, nami sishangai, kwa maana mazingira yote yanayowazunguka yanazungumzia Noeli tu. Lakini sikilizeni Injili ya Dominika ya kwanza katika mwaka wowote wa mzunguko wa masomo wa miaka mitatu, yaani Mwaka A, B na C: haina mtoto wala hori, ina mwito wa kukesha kwa sababu hatuijui siku. Dominika ya pili na ya tatu ni za Yohane Mbatizaji, mtu mzima aliye jangwani au gerezani. Ni Dominika ya nne pekee inayotufikisha kwa Yosefu na Maria na matukio yaliyotangulia kuzaliwa kwa Bwana. Siku za juma nazo zina mpangilio wa namna hiyo: mwanzoni anatawala nabii Isaya, tangu Alhamisi ya wiki ya pili Injili zinamhusu Yohane, na kuanzia tarehe 17 Desemba, siku inaposomwa orodha ya ukoo wa Yesu kutoka Injili ya Mathayo, masomo yote yanaelekea Bethlehemu. Hata Utangulizi wa Misa, ile sala ya shukrani inayotangulia wimbo wa Mtakatifu, hubadilika tarehe hiyo. Ule unaotumika hadi 16 Desemba unayataja majio mawili ya Kristo na tumaini la wanaokesha, na ule wa kuanzia 17 unamtaja Mama Bikira aliyemchukua mimba kwa upendo na Yohane aliyemtangaza.

Mpaka huu wa tarehe 17 ndio ninaoomba kila parokia iuandike kwa wino mzito kwenye ratiba yake.

Sehemu ya kwanza ni ya toba na ya matendo ya huruma, na hapa ndipo ninapowasihi maparoko wasichelewe. Parokia nyingi huweka maungamo katika siku mbili au tatu za mwisho kabla ya Noeli, waamini wanajipanga foleni ndefu, padre anachoka, na mwamini aliyekaa miaka mingi bila kuungama, ambaye angehitaji kusikilizwa kwa utulivu, anapewa dakika chache za haraka. Taratibu za Kitubio za mwaka 1973 zinatoa namna ya pili ya adhimisho, yaani waamini wanasikiliza Neno la Mungu pamoja, wanatafuta dhamiri pamoja, kisha kila mmoja anaungama na kuondolewa dhambi peke yake. Adhimisho hilo linafaa sana katika wiki ya pili, pale sauti ya Yohane Mbatizaji inaposema “Itengenezeni njia ya Bwana”, na linawezekana zaidi wakati huo kwa kuwa mapadre wa parokia jirani bado wana nafasi ya kuja kusaidiana. Wapo wanaouliza kama wingi wa watu unaruhusu kuondolewa dhambi kwa jumla bila maungamo ya mmoja mmoja. Kanoni ya 961 ya Sheria za Kanisa inajibu waziwazi kwamba umati unaotokana na sikukuu kubwa hautoshi kuwa sababu. Dawa iliyopo ni kupanga mapema.

Matendo ya huruma nayo yanastahili kuwekwa katika sehemu hii ya kwanza badala ya kusubiri siku za mwisho, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya Injili: Dominika ya tatu ya Mwaka C makutano wanamwuliza Yohane wafanye nini, naye anawaagiza mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Jibu hilo limetolewa katika muktadha wa kungojea hukumu, kwa hiyo kumsaidia mhitaji ni sehemu ya kumngojea Bwana na si pambo la sikukuu. Sababu ya pili ni ya kibinadamu: msaada unaotolewa mapema unamfikia mhitaji akiwa bado na uhuru wa kuamua autumieje. Tena huduma hii isiishie kwenye vitu. Katika Mwaka A, Dominika ya tatu, Yohane akiwa gerezani anawatuma wanafunzi wake wamwulize Yesu kama ndiye yule ajaye au wamngojee mwingine. Ninalipenda somo hilo kuliko yote ya kipindi hiki, kwa sababu linawapa sauti wagonjwa wa muda mrefu, wafiwa, na wale ambao kungoja kwao kumechanganyika na mashaka. Wanaopeleka Komunyo kwa wagonjwa wangefanya vema kulisoma kitandani pa mgonjwa bila haraka, na kumwacha aseme yeye mwenyewe anangoja nini.

Kwa wanakwaya, jambo ninalolikazia ni kiasi. Majilio si Kwaresima: Aleluya inaendelea kuimbwa, na Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanoni ya 1250, zinataja Ijumaa zote na kipindi cha Kwaresima kuwa nyakati za kitubio bila kuyataja Majilio. Hata hivyo wimbo wa Utukufu hauimbwi siku za Dominika za kipindi hiki, rangi ni ya zambarau, na Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kiroma yanataka vyombo vya muziki na maua ya altare vitumike kwa kiasi, ili furaha kamili ya Noeli isitangulizwe. Dominika ya tatu, iitwayo Gaudete kutokana na maneno ya Mtume Paulo ya kuwaalika Wafilipi wafurahi katika Bwana, rangi ya waridi inaweza kutumika. Nimewahi kusikia wanakwaya wakilalamika kwamba waamini wanataka nyimbo za Noeli mapema. Nawaambia kwamba waamini watauimba Utukufu usiku wa Noeli kwa nguvu nyingine kabisa ikiwa hawakuuimba Dominika nne mfululizo, na kwamba zipo nyimbo nzuri za Majilio ambazo parokia haizijui kwa sababu tu hazipewi nafasi. Mazoezi ya nyimbo za Noeli yafanyike katika siku za mazoezi, na tamasha, kama lipo, liwekwe katika kipindi cha Noeli chenyewe, ambacho huendelea hadi Dominika ya Ubatizo wa Bwana na ambacho parokia nyingi hukiacha kikiwa kitupu.

Kuhusu taji la Majilio nitasema machache. Misale haidai liwepo, na asili yake inatokana na ndugu zetu Walutheri: Johann Hinrich Wichern, mchungaji wa Hamburg, mwaka 1839 aliwatengenezea watoto aliokuwa akiwalea gurudumu lenye mishumaa ili waone Noeli ikikaribia. Linafaa hasa nyumbani, ambako mtoto anaweza kuwasha mshumaa na mzazi akasoma aya moja ya Injili ya Dominika. Kanisani lisizibe altare wala mimbari.

Yapo maswali mawili ambayo yakijibiwa vibaya huumiza watu. La kwanza ni la ndoa. Wazee wengi wanaamini kwamba ndoa haifungwi wakati wa Majilio, na imani hiyo ina mzizi wa kweli, kwa kuwa Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilikataza baraka kuu ya ndoa tangu Dominika ya kwanza ya Majilio hadi siku ya Noeli. Katazo hilo halimo katika sheria za sasa. Ndoa inaweza kufungwa, ila ikifungwa katika Misa ya Dominika ya Majilio, Misa inayoadhimishwa ni ya Dominika hiyo, na ni busara wachumba waelezwe kuhusu kiasi cha mapambo kabla hawajaingia gharama. Swali la pili ni la mazishi. Misa ya mazishi hairuhusiwi katika Dominika za Majilio, kama ilivyo kwa Dominika za Kwaresima na za Pasaka. Familia iliyofiwa ikiambiwa hivyo mlangoni mwa kanisa, bila maelezo, inaona imekataliwa. Wahudumu wa parokia wote, pamoja na anayepokea watu ofisini, wajue kwamba marehemu anaweza kuzikwa siku hiyo kwa ibada yenye Liturujia ya Neno na sala za buriani, na kwamba Misa kwa ajili yake inaweza kupangwa siku nyingine iliyo karibu. Anayelieleza jambo hili alieleze akiwa ameketi pamoja na wafiwa.

Katikati ya sehemu ya kwanza inaingia Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, tarehe 8 Desemba, fundisho lililotangazwa rasmi na Papa Pius IX mwaka 1854. Haikatizi Majilio, inamwonyesha yule aliyeandaliwa kumpokea Mwokozi. Ikiangukia Dominika, Dominika ya Majilio huitangulia na sherehe huhamia Jumatatu, kama ilivyokuwa mwaka 2024.

Kuanzia tarehe 17 mwendo unabadilika, na hapo parokia ipunguze vikao. Jioni za siku saba, tangu 17 hadi 23 Desemba, Masifu ya Jioni yana antifona kuu, yaani viitikio vifupi, zinazoimbwa pamoja na Wimbo wa Bikira Maria, zikimwita Kristo kwa majina ya Agano la Kale: Hekima, Bwana, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa Mataifa, Emanueli. Mwongozo kuhusu ibada za watu na liturujia, uliotolewa mwaka 2001, unaheshimu noveni ya Noeli, yaani sala ya siku tisa, na wakati huohuo unapendekeza Masifu ya Jioni ya siku hizo yapewe uzito mkubwa zaidi. Parokia ambayo haijawahi kusali Masifu ya Jioni pamoja haina siku nzuri zaidi za kuanzia, na jumuiya ndogo ndogo zisizoweza kufika kanisani zinaweza kuichukua antifona ya siku na Wimbo wa Bikira Maria na kuvisali nyumbani kwa mmoja wao.

Pango la Noeli linaweza kuandaliwa hatua kwa hatua katika siku hizi, na sanamu ya Mtoto Yesu ikawekwa Noeli yenyewe. Ugumu hutokea 24 Desemba inapokuwa Dominika, jambo litakalotokea tena mwaka 2028. Asubuhi ni Dominika ya nne ya Majilio, yenye zambarau na altare isiyo na mapambo mengi, na jioni ni Misa ya kesha la Noeli, kwa hiyo kikundi kinachopamba kanisa kiwe tofauti na kile kilichohudumu asubuhi, nacho kipewe saa zake baada ya Misa ya mwisho ya Dominika. Waamini watangaziwe wiki mbili kabla kwamba wajibu wa Dominika na wajibu wa Noeli ni wajibu mbili, na kwamba Misa moja ya jioni ya tarehe 24 haiwezi kutimiza zote mbili.